Rejeta ya aluminiamu kwenye Pontiac GTO ya 1967: uzoefu wangu kwenye joto la Texas

Nianze na jibu kwa wenye haraka: rejeta hii ni nzuri, nimeinunua kwa hela yangu na ningeinunua tena. Lakini kama gari lako linachemsha kwenye foleni na unaamini rejeta mpya peke yake italiponya, subiri kwanza kulipa, soma mpaka chini.

Gari lenyewe ni Pontiac GTO ya 1967. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 400, lita sita na nusu kama kibati cha ubavuni kinavyojitapa, kabureta ya midomo minne, giaboksi otomatiki ya Turbo-Hydramatic 400, na kiyoyozi. Ilipotoka kiwandani injini ya kawaida ya GTO mwaka ule iliandikiwa nguvu-farasi 335. Hadithi ya magari haya inajulikana: kwa toleo la 1964 akina John DeLorean pale Pontiac walichukua injini kubwa wakaitia kwenye gari la umbo la kati, Tempest, na biashara ikalipuka. Kwa upande wa joto maana yake ni injini kubwa ya chuma tupu ndani ya boneti isiyo na nafasi ya kupumulia. Ukiongeza kondensa ya kiyoyozi mbele ya rejeta, hewa inayoifikia rejeta imeshapashwa moto njiani.

Nami naishi upande wa Dallas. Huku Julai na Agosti nyuzi 38 za Selsiasi si habari ya kumsimulia mtu, na barabara kuu ya 35 ikifunga saa za jioni, lami nayo inatoa joto lake kutoka chini. Aliyewahi kupanda mlima wa Kitonga kule Tanzania nyuma ya malori yaliyopakia anaijua ile harufu tamu ya kulanti, dawa ya kupozea injini, inayochemka. Hapa hakuna mlima, lakini harufu ni ileile.

Nililikuta gari likiwa na rejeta yake ya shaba, safu tatu za mirija myembamba, na katikati yake feni ndogo ya umeme. Mwenye gari wa kabla yangu alitoa feni ya asili inayozungushwa na mkanda, akatupa na kava lake, lile linaloizunguka feni ili ivute hewa kupitia rejeta nzima. Dashibodi ya kawaida ya GTO ya mwaka huo haina geji ya joto, ina taa nyekundu tu, na taa ikiwaka ujue mambo yameshaharibika. Nikafunga geji ya mshale, ile yenye mrija wa shaba unaoingia moja kwa moja kwenye injini. Inasoma Fahrenheit, ila hapa nitaandika Selsiasi. Barabara kuu, mwendo wa maili 65 kwa saa, ilikaa nyuzi 96, na kiyoyozi kikiwashwa ikapanda hadi 102. Kwenye foleni ilipita 110 na haikuonyesha dalili ya kusimama.

Kabla hujatoa hata senti, tenganisha hali hizo mbili. Gari linalopandisha joto likiwa mbioni lina shida upande wa maji: rejeta imeziba au ni ndogo, pampu haisukumi, au mpira wa chini unanywea kwa sababu springi ya ndani imekufa. Linalopandisha likiwa limesimama lina shida upande wa hewa, yaani feni na kava lake, au taimingi imerudi nyuma mno, yaani cheche za plagi zinachelewa. Langu lilikuwa na zote mbili. Kwa hiyo nilibadili kitu kimoja kimoja, nikisoma geji kila baada ya badiliko, ili nijue kila hela imefanya kazi gani.

Nilichonunua ni rejeta ya aluminiamu yenye safu mbili za mirija, kila mrija upana wa inchi 1, pamoja na kava la feni la aluminiamu lililotengenezwa kwa mwili huu wa gari. Wengi wakisikia safu mbili wanaguna, wanasema ya zamani ilikuwa na tatu. Kuhesabu safu hakusaidii. Shaba kama shaba inapitisha joto vizuri kuliko aluminiamu, hilo ni kweli, ila rejeta ya shaba imeunganishwa kwa risasi ya kulehemu na mirija yake lazima iwe myembamba ili isitanuke kwa presha. Aluminiamu inavumilia mrija mpana, na mrija mpana unagusana na mapezi, vile vibati vyembamba vilivyo katikati ya mirija, eneo kubwa zaidi. Halafu ni nyepesi: ya zamani niliishusha kwa mikono miwili huku nanung'unika, hii niliinyanyua kwa mkono mmoja.

Kazi ya mikono kiwandani imefanyika vizuri. Maungio ya matangi yamechomelewa mstari mmoja ulionyooka, mapezi hayajalala, na ndani hakukuwa na vumbi la chuma. Niliisuuza kabla ya kufunga, nawe fanya hivyo hata kama muuzaji ameapa kwamba ni safi. Kufunga ndiko kuliko na maneno. Maelezo yanasema inaingia bila kukata chochote. Inaingia, sawa, ila ni nene kuliko ya asili, na ule ubao wa juu unaoishikilia haukushuka mpaka nilipobadilisha raba za chini. Matundu mawili ya kava hayakulingana na ya rejeta, ikabidi niyatanue kwa tupa. Koki ya kumwagia maji ni ya plastiki, jambo ambalo kwa bei ile sikulitegemea. Na kubwa kuliko yote, viungio vya mabomba ya mafuta ya giaboksi vilivyokuja ndani ya boksi havikukaza. Asubuhi nilikuta tone jekundu sakafuni, kisha la pili. Hilo si la kupuuza, kwa sababu kwenye gari la otomatiki mafuta ya giaboksi yanapozwa ndani ya tangi la rejeta, na giaboksi ikikauka gharama yake inaifunika rejeta mara kadhaa. Niliwaandikia wauzaji, wakatuma viungio vingine bila ubishi. Vile vimeshika.

Rejeta ikiwa peke yake, feni ya umeme ikiwa bado palepale, barabara kuu ilishuka hadi nyuzi 88 bila kiyoyozi, 93 ikiwa na kiyoyozi. Kwenye foleni: 106. Hapo ndipo wengi wanapokasirika na kuandika kwamba bidhaa ni mbovu. Si mbovu. Rejeta haiwezi kupoza kwa hewa ambayo haiipiti.

Kabla ya feni, hata hivyo, nilifungua pampu ya maji, na hili ni la wenye Pontiac tu. Kuna mzee mmoja huku Fort Worth aliyeanza kuzitengeneza injini hizi zingali mpya. Nilipomwambia kwamba joto bado linapanda nikiwasha kiyoyozi njiani, hakuuliza hata habari ya rejeta. "Bati la nyuma ya pampu umelitazama?" Kwenye V8 za Pontiac, pampu imefungwa kwenye kava la mbele la injini, na nyuma ya mapanga yake kuna bati jembamba linalotenganisha maji yanayoingia na yanayosukumwa. Bati likiliwa na kutu, au likikaa mbali na mapanga, pampu inazungusha maji yaleyale badala ya kuyasukuma kwenye bloku. Kipimo chake ni cha kitoto kabisa: unabandika udongo laini wa watoto kuchezea kwenye mapanga, unafunga pampu na gasketi yake, unaifungua tena, kisha unakata ule udongo uliobanwa na kupima unene wake. Wangu ulitoka mnene kama kidole. Bati la zamani lilikuwa limetoboka ukingoni, nikaweka jipya, nikaligongagonga taratibu kwa nyundo ya raba kulisogeza mbele hadi nafasi ikabaki kama milimita moja na kitu. Zungusha pampu kwa mkono kabla ya kufunga moja kwa moja, usikie kama mapanga yanakwaruza. Baada ya hapo, barabara kuu na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mshale ulisimama kwenye 88. Bati lenyewe ni bei ya chakula cha mchana.

Sasa feni. Nilirudisha ya mkanda, mapanga saba, yenye klachi ya joto, ile iliyo na springi ya kujiviringisha usoni: hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa moto, springi inajikunja na klachi inashika, ikipoa, feni inajizungukia bila kulemea injini. Nikafunga na lile kava. Mapanga yakae nusu ndani ya kava, nusu nje. Ukiyazamisha yote yanakoroga hewa badala ya kuivuta, ukiyatoa yote yanavuta hewa ya pembeni ambayo haijapita kwenye rejeta. Niliwahi kulipima hili kwa ukurasa wa gazeti, injini ikiwa moto na gari limesimama. Wakati wa feni ya umeme, karatasi niliyoiweka mbele ya kondensa ilinata katikati tu, na kwenye pembe ikaanguka chini. Kwa feni ya mkanda na kava, hata kwenye kona ya chini kabisa inanata na kubaki hapo. Foleni ikashuka hadi 95, kiyoyozi kimewashwa, jua la saa kumi.

Sisemi feni zote za umeme ni takataka. Kubwa zenye kava kamili zinafanya kazi vizuri, ila zinakula umeme mwingi, na alteneta ya 1967 haikuundwa kwa mzigo huo pamoja na taa na kipulizo cha kiyoyozi.

Nyuzi chache za mwisho zilitoka kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Mpira wake wa vakyumu, unaosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa ya injini, ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la kabureta ambalo halivuti chochote injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Nikauhamishia kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, ambako mvuto upo hata wakati wa sailensa. Taimingi ikaja mbele wakati wa sailensa, mafuta yakawa yanaungua mapema ndani ya silinda badala ya kumalizia moto wake kwenye matundu ya ekzosi, na mshale ukatulia kwenye 92. Sailensa nayo ikawa laini, nikalazimika kuipunguza kwa skrubu.

Thamostati yangu, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, ni ya nyuzi 82, ina katundu kadogo nilikotoboa ili hewa itoke wakati wa kujaza maji. Nalisema hili kwa sababu najua wapo watakaoniuliza kwa nini sikuitoa. Kule nyumbani gari likichemsha, fundi wa kwanza anang'oa thamostati, wa pili anajaza maji ya bomba. Thamostati haiamui gari litapanda hadi wapi, inaamua lisishuke chini ya wapi. Kama mfumo wako hauwezi kupoza, ya nyuzi 71 itakuchelewesha dakika chache tu ufike kulekule. Na ukiing'oa, asubuhi injini inazunguka baridi kwa muda mrefu, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika.

Maji ya bomba kwenye aluminiamu ndiyo mabaya zaidi. Natumia kulanti nusu na maji yaliyosafishwa nusu. Maji matupu yanabeba joto vizuri zaidi, sikatai, lakini hayalindi chuma, na hata Texas kuna baridi: Februari 2021 Dallas ilifika karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, na bloku iliyojaa maji matupu usiku kama ule inapasuka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu pamoja na mfuniko wa rejeta wa presha ya paundi 15 hauchemki mpaka karibu nyuzi 129, kwa hiyo ukiona 100 kwenye geji usisimamishe gari katikati ya barabara kwa hofu. Hakikisha pia waya wa hasi wa injini na bodi umekaza. Mimi nachovya ncha moja ya mita ya volti kwenye kulanti na nyingine kwenye hasi ya betri; ikisoma zaidi ya sehemu ya kumi ya volti, umeme unapita kwenye maji na utaitoboa rejeta mpya.

Ambacho rejeta haikutibu ni joto la baada ya kuzima. Ukizima injini jua kali, ukaingia dukani, ukirudi mshale umepanda wenyewe na petroli imechemka kwenye kabureta. Petroli ya siku hizi huku ina ethanoli asilimia 10, inakuwa mvuke upesi kuliko ile ya wakati wa gari hili. Nimeweka kipande cha kuzuia joto chini ya kabureta, imesaidia nusu. Kuwasha bado nakanyaga mafuta hadi chini na kungoja injini ikohoe kwanza.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya vile viungio vya giaboksi, maana asiyechungulia chini ya gari asubuhi angelitambua jambo hilo barabarani. Ukiagiza, waombe waweke koki ya shaba badala ya ya plastiki. Wanayo, ila hawaitangazi.