Romantische Straße kwa gari-nyumba: uzoefu wangu

Kama unataka kukodi gari-nyumba Ujerumani ili kukwepa gharama za hoteli, piga hesabu upya. Ukijumlisha kodi ya gari, bima, dizeli na maegesho ya usiku, nyumba ya wageni ya kawaida kijijini inaweza kukugharimu bei hiyohiyo. Uzuri wa gari-nyumba uko kwingine: unalala hatua chache kutoka ukuta wa mji wa kale, na mabasi ya watalii yakishaondoka jioni, mji unabaki wenu. Kwa hilo, mimi na mume wangu tungelipa tena.

Tulishika Romantische Straße, njia ya kitalii iliyobuniwa mwaka 1950, inayoanzia Würzburg na kuishia Füssen, karibu na milima ya Alps. Tuliomba gari fupi, kampuni ikatupa refu ikisema ni zawadi. Zawadi gani hiyo? Kitanda kilikuwa kipana, jiko la gesi na friji vilifanya kazi vizuri, na kwa kuwa halikuzidi tani 3.5 leseni ya gari dogo ilitosha. Lakini kila tulipofika kijiji chenye kona kali nilikuwa naambiwa na mume wangu, "Mama, shuka unielekeze." Nashuka, napunga mikono katikati ya barabara, wenye magari nyuma wananitazama.

Rothenburg ob der Tauber ndio mji wa kwenye kalenda. Mchana hapapitiki, ila maegesho ya magari-nyumba yapo nje tu ya ukuta. Wajerumani huyaita Stellplatz: unalipa kwenye mashine, mara nyingi kati ya yuro 10 na 20 kwa usiku, unapata umeme na maji kwa sarafu, basi. Tulipika wali na mchuzi wa kuku, tukala, kisha tukaingia mjini kwa miguu. Tulitembea juu ya ukuta, kwenye ujia wake wenye paa la mbao, tukisoma majina yaliyochongwa kwenye mawe. Ni ya watu waliochangia ukarabati, maana sehemu ya mji iliharibiwa kwa mabomu mwaka 1945. Schneeballen, yale madonge ya unga ya kukaanga yanayojaa madirishani, ni makavu. Andazi la moto linayashinda mbali.

Nördlingen ndiyo iliyonikamata. Mji wenyewe umekaa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo miaka kama milioni 15 iliyopita, na mawe ya kanisa la St. Georg yana chembe za almasi zisizoonekana kwa macho. Wanaanga wa Apollo 14 waliletwa eneo hilo mwaka 1970 kujifunza mawe kabla ya kwenda mwezini. Panda mnara wa kanisa hilo, unaoitwa Daniel, ingawa ngazi zake ni 350 na magoti yatalalamika. Kule juu unaona mapaa mekundu yamezungukwa na ukuta mviringo, na mbali zaidi ukingo wa lile shimo. Watu wengi hupita mji huu haraka wakikimbilia kasri la Neuschwanstein, nami siwaelewi.

Neuschwanstein lenyewe ni zuri ukilitazama ukiwa darajani Marienbrücke. Ndani unaongozwa harakaharaka kwa nusu saa hivi, na kupiga picha hairuhusiwi. Tiketi nunua mapema mtandaoni. Mimi nilifurahi zaidi Wieskirche, kanisa la karne ya 18 lililo peke yake kwenye malisho ya ng'ombe. Kwa nje la kawaida tu. Ukifungua mlango, dari nzima ni rangi na dhahabu.

Sasa yale ambayo matangazo hayasemi. Choo cha gari kina tangi dogo ambalo lazima mtu alitoe, alibebe na kulimwaga mahali maalumu. Kubalianeni ni kazi ya nani kabla hamjaondoka nyumbani. Kwetu ilimwangukia dereva, maana mimi nilikuwa jikoni. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Ukitaka kuingia katikati ya Augsburg, hakikisha gari lina stika ya kijani ya mazingira, ile ya magari yenye moshi mdogo, kwenye kioo. Na siku ya kulichukua, piga picha kila mchubuko, hata ule wa chini ya bampa, kwa sababu wakati wa kurudisha walitutoza kwenye amana kwa alama tuliyoikuta, na picha ndiyo iliyoturudishia hela.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimewanyima kwa urefu wa lile gari. Safari ijayo tunataka kufuata mto Mosel, na gari fupi likikosekana, tutapanda treni.