Mpanda ngazi hushuka, ila si kwa kila leseni

Msomaji mmoja anayetunza hesabu za kampuni ndogo ameniandikia kwa uchungu. Muuzaji alimshawishi apandishe leseni za programu za kompyuta za ofisi nzima hadi toleo la juu, ilhali aliyehitaji ripoti za toleo hilo alikuwa mhasibu mmoja tu. Baadaye kazi ikapungua na watu wakaondoka. Alipoomba kurudi toleo la chini, akajibiwa kwamba mkataba ni wa mwaka na hauguswi. Akaendelea kulipia leseni za watu wasiokuwepo.

Malalamiko ya aina hii yananifikia kila mara, na yote yanalia jambo moja. Kwa hiyo sitalinganisha hapa orodha za sifa. Hizo zimo kwenye jedwali la kila muuzaji. Nimezipanga leseni kwa swali ambalo majedwali hayo huliruka: ukishapanda, unashukaje?

Vizingiti viko viwili. Cha mkataba kila mtu hukigundua siku anapotaka kupunguza malipo. Cha data hujificha zaidi. Toleo la juu linakupa kitu kipya, unakizoea, kazi inakiegemea, kisha siku ya kurudi unaambiwa ukizime kwanza, ufute kwanza au uhamishe kwanza. Mwulize muuzaji kuhusu kila kizingiti peke yake, maana wengi hujibu la mkataba na kulipita la data.

1. Google Workspace, mpango wa Flexible

Hii, yaani barua pepe na hifadhi ya faili za ofisi kutoka Google, ndiyo ninayoipendelea, na sifichi. Unatozwa kila mwezi kwa watumiaji uliokuwa nao. Mtu akiondoka unamtoa, na bili inapungua. Ukipanda Business Plus ukaona hukuihitaji, unarudi Business Standard bila kungoja mwaka uishe. Malipo kwa kila mtu ni makubwa kuliko ya mpango wa mwaka, na kwa ofisi ambayo idadi ya watu wake inabadilika naona yanastahili kabisa.

Kizingiti cha data kipo, lakini kinaonekana. Starter, toleo la chini kabisa, ina GB 30 kwa kila mtumiaji, Standard TB 2 (kama GB 2,000), Plus TB 5, na nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na ofisi nzima. Ukijaza nafasi ya Standard kisha ukarudi Starter, watu hawataweza kupakia faili mpya mpaka mpunguze zilizopo. Wengi hupanda kwa sababu Starter hairekodi mikutano, na rekodi hizo ndizo zinazojaza nafasi. Amueni mapema zitahamishiwa wapi.

Ila angalia ankara. Mawakala wanapenda kuandika mpango wa mwaka bila kukuuliza, na huo hauruhusu kupunguza leseni mpaka siku ya kuuhuisha. Ukiona hivyo, irudishe ankara.

2. Windows Home kwenda Pro

Unaingiza ufunguo (namba ya leseni), kompyuta inawaka upya, faili zako zinabaki. Unapata BitLocker ya kufunga diski ili mwizi wa kompyuta asisome kitu, na unaweza kuiingia kompyuta hiyo ukiwa mbali. Kurudi Home kunataka kusakinisha Windows upya. Lakini umelipa mara moja, hakuna bili inayokufuata, kwa hiyo kutorudi hakukuumizi.

3. Microsoft 365 Business

Uzuri wa furushi hili la Word, Excel na barua pepe ni kwamba unaweza kuchanganya matoleo ndani ya kampuni moja. Anayefanya kazi kwenye kivinjari na simu anatosheka na Basic. Anayehitaji Word na Excel zilizosakinishwa kwenye kompyuta anachukua Standard. Premium, yenye Intune (ya kusimamia kompyuta na simu ukiwa mbali) na Defender (ya kuzuia virusi), wape wanaotembea na kompyuta za kampuni. Anayekwambia kwamba ni lazima wote wapande pamoja anatafuta kamisheni yake.

Ubaya uko kwenye mkataba. Tangu utaratibu mpya wa mauzo ulipoanza mwaka 2022, ukinunua kwa mwaka kupitia wakala una siku 7 tu za kughairi au kupunguza leseni. Zikipita, mlango wa kupanda uko wazi wakati wowote, wa kushuka unafungwa hadi mwaka uishe. Unaweza kuchukua mkataba wa mwezi mmoja mmoja, ambao uliwekwa juu kwa asilimia 20. Ushauri wangu: wafanyakazi wa kudumu wawekwe kwenye mwaka, wa muda kwenye mwezi.

4. QuickBooks Online

Kwenye programu hii ya kutunza hesabu, kizingiti cha data ndicho kinene. Essentials inaruhusu watumiaji 3, Plus 5, Advanced 25. Plus inafuatilia mali ya stoo na miradi, Essentials haifuatilii. Ukitaka kutoka Advanced kurudi Plus, lazima akaunti za hesabu kwenye daftari lako (mafungu ya mapato, matumizi na kadhalika) zishuke hadi 250 na watumiaji wabaki 5. Ofisi iliyofungua akaunti kiholela itakaa muda mrefu ikiziunganisha kabla ya kuruhusiwa kushuka. Pandeni, lakini mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kufungua akaunti mpya.

5. SQL Server, Standard kwenda Enterprise

Hii ni programu ya Microsoft ya kutunza hifadhidata. Kupanda ni kazi fupi kupitia kisakinishi chake. Kushuka hakupo: unaondoa yote, unasakinisha Standard upya, kisha unahamisha hifadhidata, na ikiwa kuna iliyotumia sifa za Enterprise pekee, Standard itaikataa. Orodha ya sifa hizo utaipata ndani ya programu yenyewe, kwenye sys.dm_db_persisted_sku_features; isomwe kila mwezi, kabla ya dharura. Halafu wengi hupanda bure. Tangu toleo la 2016 SP1, sifa nyingi zilizokuwa za Enterprise zimo pia kwenye Standard. Standard ya 2022 inakomea viini 24 vya kichakataji na GB 128 za kumbukumbu, na ofisi ndogo haizifikii.

Za bei nafuu: LibreOffice, mbadala wa Word na Excel, ni bure na haina ngazi ya kupanda. Funguo za bei ya kutupa zinazouzwa mitandaoni ziacheni. Zikizimwa hamna wa kumdai.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wauzaji wanajua haya yote. Mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, watengenezaji wa Photoshop, kwa madai kwamba iliwaficha wateja ada ya kuvunja mapema mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi. Mpango wa namna hiyo unauzwa kila mahali: namba kubwa inayoonekana ni ya mwezi, kifungo ni cha mwaka, na kimeandikwa kwa herufi ndogo. Linaloniuma kuliko hilo ni usalama kugeuzwa chambo. Kampuni nyingi za programu zimeweka uingiaji wa akaunti moja kwa programu zote kwenye toleo la juu kabisa, hivyo ofisi ya watu kumi inapandishwa madaraja mawili ili kulinda nywila zake. Hiyo ni dhuluma, na ofisi ndogo ndizo zinazoilipia.

Kwa hiyo ankara isitiwe saini mpaka iwe na mambo matatu kwa maandishi: tarehe ya kuhuisha, siku ya mwisho ya kuomba kushuka, na kitakachotokea kwa data mkishuka. Wakala akikataa kuyaandika, tafuteni mwingine.