Kifaa cha kupimia kioo cha darubini: kizuri ila skrubu na karatasi yake vimeniboa

Nilikiagiza mtandaoni kikaja kwa basi mpaka hapa Tabora, elfu tisini na nauli juu. Ndani ya boksi kuna taa ndogo ya LED yenye kitundu kidogo, wembe umebanwa kwenye kibao kinachosogezwa na skrubu, na maikromita ya kusoma wembe umesogea kiasi gani. Basi, hakuna kingine.

Kipimo chenyewe ni kile cha Mfaransa Foucault cha mwaka 1858. Kioo changu nimekisugua mwenyewe, upana milimita 150, fokasi (umbali kioo kinapokusanya mwanga wa nyota) 1200, kwa hiyo unakaa mbali mara mbili yake, 2400, unapiga mwanga kioo kinaurudisha, halafu unaukata taratibu na wembe huku jicho liko nyuma ya wembe. Kama kioo kimejikunja kama kipande cha tufe safi kinafifia chote kwa pamoja, kikianza kuwa parabola (mkunjo uliozidi kidogo katikati, ndo unaotakiwa kwa darubini) unaona kivuli kama donati. Na hapo kifaa hakidanganyi aisee! Niligusa kioo kwa kidole kama nusu dakika tu, kurudi kwenye wembe nakuta kinundu pale pale nilipogusa, yaani joto la kidole! Ndo maana mchana huku chini ya bati usijisumbue, hewa inachemka kivuli kinacheza tu, mi napima saa sita usiku wife akiniuliza nakodolea nini gizani.

Sasa skrubu. Inalegalega, ukigeuza kurudi nyuma namba inasogea wembe haujasogea. Kwa kioo changu, tofauti ya pale wembe unapokata mwanga wa katikati na unapokata wa ukingo inatakiwa iwe kama milimita 1.17, sasa skrubu ikikuibia 0.2 umebaki na nini? Nimeivuta na kipande cha tyubu ya baiskeli, imetulia.

Kilichoniudhi zaidi ni karatasi ya maelekezo. Inasema chukua nusu ya upana, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa ile 2400, unapata 2.34. Hiyo ni ya taa iliyosimama! Hiki taa inatembea pamoja na wembe, so unagawa tena kwa mbili. Ningeifuata ningechimba kioo mpaka kipitilize parabola nianze upya, na miezi minne ya kusugua ndo imeenda hivyo. Muuzaji nimemwandikia mara mbili, kimya.

Nyota tatu, zote za taa na wembe.