Mbegu za bonsai Nairobi: geuza pakiti kwanza

Lalamiko ni lile lile kila baada ya miezi michache. Mtu kanunua boksi la mbegu za bonsai, yaani miti inayofupishwa na kukuzwa chunguni, lenye picha ya mti wa Kijapani uliopinda vizuri. Ndani mna mbegu aina nne, vyungu vinne vidogo kama vikombe vya kahawa, vidonge vya udongo wa kulowesha na kijimkasi. Kapanda, kamwagilia, kasubiri miezi miwili. Kimya. Akimrudia muuzaji anaambiwa amezidisha maji.

Huenda kweli aliyazidisha, ila mara nyingi mbegu zenyewe zilikuwa zimekufa kabla hazijafika dukani. Ndiyo maana hapa hatutahangaika na rangi ya chungu wala ukali wa mkasi. Swali ni moja: mbegu hizi zilivunwa lini?

Zilivunwa, si zilifungwa. Muuzaji anaweza kufungua gunia la mbegu za mwaka juzi Jumatatu asubuhi, akajaza vipakiti na kugonga muhuri wa tarehe hiyo hiyo. Tarehe ni ya kweli na haikufai kitu. Mbegu huanza kuzeeka pale inapotoka mtini, na kasi ya kuzeeka hutofautiana. Mgunga na mkwaju zina ganda gumu lisilopitisha maji, na zikikaa pakavu hudumu miaka. Adeniamu, lile waridi la jangwani, hupoteza nguvu ndani ya miezi. Mwarobaini ni suala la wiki. Halafu kuna joto: pakiti iliyoning'inizwa kwenye dirisha la agroveti ikipigwa na jua kila alasiri huzeeka haraka kuliko ile iliyokaa kabatini nyuma. Chukua ya kabatini, hata muuzaji akinung'unika.

Hizi hapa chaguo tano, kuanzia ninayoipendelea. Ya kwanza: mgunga wa KEFRI. Upendeleo huu sina haja ya kuuficha. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Muguga, huuza mbegu za miti kwa uzani baada ya kuzipima uotaji maabara. Ukienda, uliza fungu lilikusanywa wapi, mwaka gani, na kipimo cha uotaji kilisomaje. Haya ni maswali ya kawaida kwao. Kwenye maduka mengine utatazamwa kama umeuliza umri wa mama mkwe. Nunua gramu chache tu, kwani hata kiasi kidogo kina mbegu nyingi kuliko nafasi uliyo nayo barazani.

Kabla ya kuloweka, kagua kila mbegu. Yenye kitobo ilishaliwa na fukusi, itupe. Chemsha maji, yaepue, yamimine juu ya mbegu yakiwa mara kumi ya ujazo wake, uache usiku kucha. Usizichemshie jikoni, utazipika. Asubuhi zile zilizovimba zipande kina cha sentimita moja. Zisizovimba zitoboe ganda kidogo kwa kikata kucha, upande ulio mbali na kile kidoa zilipokuwa zimeshikana na ganda la tunda, kisha uziloweke tena. Tarajia machipukizi ndani ya wiki moja hadi tatu. Kasoro za mgunga ni mbili: miiba, na matawi kukauka kurudi nyuma yakikatwa. Kwa hiyo ukipogoa acha kisiki cha sentimita moja au mbili juu ya jicho, pale chipukizi hutokea. Ukikata karibu mno jicho lenyewe hufa.

Ya pili: mzeituni mwitu, mutamaiyu kwa wengi wa hapa. Ungekuwa wa kwanza kama si uvivu wake. Jani lake ni dogo na gumu, unavumilia mkasi, na baridi ya Nairobi ndiyo nyumbani kwake. Lakini mbegu imefungwa ndani ya kokwa, na kokwa lisilopasuliwa laweza kukaa miezi bila jibu. Libane taratibu kwa koleo mpaka lilie mara moja tu, kisha loweka siku mbili ukibadilisha maji. Ukisikia mlio wa pili, umeiponda mbegu.

Ya tatu: adeniamu, na hapa tarehe ya kuvunwa ndiyo kila kitu. Mbegu iliyovunwa karibuni kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 huota ndani ya siku kumi au chini. Iliyokaa mwaka mzima mara nyingi hulala tu ikaoza. Hata mbegu njema ukiipanda Juni au Julai Nairobi utaipoteza kwa baridi na unyevu. Ngoja Septemba au Oktoba. Anayekuuzia adeniamu bila kujua alivuna mwezi gani, mwachie.

Ya nne: mkwaju. Nunua ukwaju mkavu sokoni, ule ambao haujapikwa, toa mbegu, osha, kwaruza ganda, loweka, panda. Huota. Ndiyo rahisi kuliko zote, na hakuna zaidi ya kusema.

Ya mwisho: boksi lenye mepo (maple) wa Kijapani na msonobari mweusi. Mepo, Acer palmatum, hutaka siku 90 hadi 120 za baridi yenye unyevu, nyuzi 1 hadi 5, ndipo iamke. Msonobari mweusi, Pinus thunbergii, siku 30 hadi 60. Friji inaweza kuigiza hiyo kwa mbegu iliyo ndani ya karatasi lowevu na mfuko. Lakini mepo akishakua hutaka baridi ya kulala kila mwaka, na usiku wa Julai Nairobi unaocheza kwenye nyuzi 11 au 12 haumtoshi. Mti wenyewe huwezi kuutia kwenye friji. Boksi halisemi haya popote. Na zile mbegu za mepo wa buluu zinazouzwa mtandaoni ni uongo mtupu, mepo wa buluu hayupo duniani. Mbegu inayoagizwa nje pia inahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haijasafirishwa, jambo ambalo wauzaji hao hulipita kama hawakuliona.

Kinachoudhi zaidi ni bei. Boksi lina mbegu zinazohesabika kwa vidole na linagharimu kuliko miche kadhaa ya mgunga iliyokwisha ota kwenye kitalu kando ya barabara. Fedha inaingia kwenye katoni na picha.

Ukishanunua, popote uliponunua, toa mbegu kumi ulizokwisha kuandaa kama ilivyoelezwa, uzifunge kwenye tishu yenye unyevu ndani ya kopo. Zikiota chini ya nne baada ya wiki tatu (kwa mzeituni subiri zaidi), rudi dukani na kopo lako mkononi.

Zilizosalia zipande kwenye mchanga wa mto uliooshwa na kuchekechwa, uchanganywe nusu kwa nusu na yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Longonot, chembe za milimita 2 hadi 5. Udongo mwekundu wa shambani ukiwa peke yake hushikamana, hewa hukosekana, na kuvu hukata shingo ya mche pale unapogusa ardhi. Jioni umesimama, asubuhi umelala. Mwagilia asubuhi, kwa kuweka chungu ndani ya beseni maji yapande kutoka chini.

Chungu kile kifupi cha bonsai usikinunue sasa. Shina halinenepi ndani yake. Mche ukae kwenye ndoo iliyotobolewa au ardhini miaka mitatu hadi mitano, na ukishatoa majani manne ya kweli (si yale ya kwanza yatokayo kwenye mbegu) uung'oe mara moja, ukate theluthi ya mzizi mkuu, uurudishe. Adeniamu tu ndiyo usiikate mzizi ingali changa.