Kipima LCR cha mtumba kwa vimiminika vinavyogeuka kioo: uzoefu wangu

Kipima chetu cha LCR, yaani kifaa kinachopima induktansi (L), kapasitansi (C) na ukinzani (R) wa umeme, kimefanya kazi muhula mzima kwenye maabara hapa Dar, tukipima gliserini. Kinaanzia hezi 20 hadi megahezi 1, na humo ndimo utamu na uchungu wake wote.

Gliserini huyeyuka kwenye nyuzi 18 hivi, lakini ukiipoza haigandi kirahisi. Inazidi tu kuwa nzito, na karibu na nyuzi 83 chini ya sifuri inakuwa kioo, yaani kigumu kisicho na fuwele. Tunachopima ni jinsi molekuli zake zinavyojigeuza kufuata umeme unaobadili mwelekeo. Kwa joto la Dar zinageuka haraka mno: kilele, yaani masafa ambapo gliserini hunyonya nguvu ya umeme zaidi, kiko juu ya megahezi 1, mashine haikioni. Zikikaribia kioo, kugeuka kunachukua kama sekunde 100, na huko pia kipima hakifiki. Kwa hiyo achana na masafa, cheza na joto. Sisi huzamisha seli (sahani mbili za chuma zenye gliserini katikati) kwenye spiriti yenye barafu kavu, halafu tunaiacha ipate joto taratibu. Kilele huibuka upande wa masafa ya chini, kisha kinahamia kulia kadiri joto linavyopanda. Hata umbo lake linaonekana: upande wa masafa ya juu unateremka polepole kuliko ule mwingine, kama watafiti Davidson na Cole walivyoonyesha mwaka 1951. Kwa kifaa cha mtumba, hapo nakivulia kofia.

Kero kubwa ni unyevu wa huku kwetu. Gliserini hunywa maji kutoka hewani, na ikishayanywa molekuli zinachangamka, kilele kinahama. Seli nayo ikiwa baridi inatoka jasho. Tone likikaa kwenye klipu, namba zinarukaruka. Funga seli kwenye mfuko pamoja na silika jeli, na kopo la gliserini lisikae wazi hata kwa dakika za chai.

Mstari wa grafu ukipaa kwenye masafa ya chini, usishangilie. Hizo ni ayoni (chembe zenye chaji) zinazosafiri kuelekea kwenye sahani za seli.

Kwa kufundishia na kwa tasnifu ya uzamili, nunua. Anayetaka kukifuatilia kioo chenyewe atafute mashine inayoshuka hadi milihezi. Na kabla hujalipa, hakikisha klipu za waya nne (mbili za kupeleka umeme, mbili za kupima volti) zimo kwenye boksi. Muuzaji wetu alituletea za waya mbili, eti ni zilezile.