Kenta za mizigo karibu na stendi ya Bagamoyo: nyota nne

Ukihama hapa Bagamoyo usihangaike mbali, nenda kijiwe cha Kenta jirani na stendi. Niliwakodi kumhamisha mama mdogo, aliyetakiwa kupisha mradi upande wa Zinga, tukampeleka Kiwangwa. Shilingi 120,000 pamoja na wapakiaji wawili. Walianzia 180,000, kwa hiyo patana nao bila haya.

Kinachowapa sifa ni kuijua mizigo. Anayepisha mradi habebi vyombo tu: anang'oa mabati, fremu, mbao za paa, hata misumari anaikusanya ndani ya kopo, maana fidia haijulikani itafika wapi. "Mama, huu mlango tuulaze au tuusimamishe?" Mlango wenyewe wa mninga, wa enzi za marehemu baba mdogo. Wakaulaza, wakautandikia godoro chini, na bati wakazikaza kwa kamba ya katani zisipigane njiani. Hakuna iliyokunjika.

Njiani dereva akanisimulia mvua za El Niño za 2024, mto Ruvu ulipofurika. Mizigo ilikuwa mingine kabisa: magodoro yanachuruzika maji, sufuria, kuku ndani ya tenga. Hao wengi walimuuliza nauli ya kurudia kabisa, maji yakishapungua. Wa mradi haulizi hiyo nauli.

Na anayekimbia vita hapati hata nafasi ya kupatana bei. Huko Cabo Delgado, tangu Oktoba 2017, ndugu zetu wa Msumbiji wamekuwa wakitoka vijijini kwa miguu, furushi kichwani na mtoto mgongoni. Wakibaki upande ule wa mto Ruvuma, ndani ya nchi yao, ni wakimbizi wa ndani, na serikali yao ndiyo inayopaswa kuwatunza. Mkataba wa Kampala wa 2009, ule wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi wa ndani, unagusa makundi yote matatu, vita, maafa na miradi. Ila wa mradi, kwa kuwa kaondoka na bati zake mchana kweupe, watu humwona kama kahama kwa hiari.

Nyota ya tano nimewanyima kwa sababu moja. Mafuriko yakija, bei nayo inapanda. Jirani yangu alitozwa mara mbili, tena akiwa amesimama kwenye maji. Hiyo si biashara, ni kumvua mtu nguo.

Turubai hawana. Njoo na lako, hasa masika.