Chujio la sponji na pampu ya hewa ya kuchaji: miezi 14 na siklidi wa Tanganyika

Nina tangi la lita 200 sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam, na kwa miezi 14 sasa linasafishwa na machujio mawili ya sponji yanayoendeshwa na pampu ya hewa ya kuchaji. Samaki wangu ni Neolamprologus brichardi, siklidi wadogo wa Ziwa Tanganyika wenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, mkia umechongoka juu na chini kama wa mbayuwayu. Kama neno siklidi ni geni kwako, samaki wenyewe si wageni: sato, perege na yule kuhe anayeliwa Kigoma wote ni wa familia hiyo.

Kabla ya hapo nilitumia chujio la nje, lile kopo kubwa linalokaa chini ya meza, mpira mmoja ukivuta maji machafu na mwingine ukirudisha masafi. Nilililipia shilingi 380,000, na miezi mitano ya mwanzo sikuwa na neno. Maji yalikuwa kioo. Kisha siku moja ya Februari umeme ukakatika asubuhi nikiwa kazini, ukarudi jioni. Nilipofungua mlango nilikutana na harufu ya yai viza. Samaki tisa kati ya 14 walikuwa wamekufa, na waliobaki walikuwa wamesogea juu kabisa, midomo ikigusa hewa. Katika waliokufa alikuwemo jike la kwanza kunitagia. Niliumia sana, na usiku ule nilibadilisha maji hadi saa saba.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Kinachosafisha maji hasa ni bakteria wanaoishi ndani ya chujio: wanaigeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina ukali huo. Bakteria hao wanahitaji oksijeni. Kopo limefungwa, kwa hiyo maji yakisimama humo kwa saa kadhaa oksijeni inakwisha, bakteria wanaanza kufa na uchafu unaoza. Umeme ukirudi, mota inausukuma uozo wote tangini. Kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi, maana maji yao yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya juu (ziwani ni kati ya 8.6 na 9.2 hivi), na pH ikipanda amonia inakuwa sumu kali. Ongeza joto la Februari la Dar. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na siku ile kipimajoto kilisoma 30.

Dukani Kariakoo nilitaka kununua sponji moja kubwa. Dada muuzaji akaniambia, "Kaka, chukua mbili ndogo. Leo unaosha hii, wiki mbili mbele unaosha ile, bakteria hawakuishii wote." Sijapata ushauri mzuri kuliko huo tangu nianze kufuga. Sponji mbili zilinigharimu 40,000 na pampu 75,000.

Kifaa chenyewe ni rahisi mno. Hewa inashuka kwa mpira mwembamba, inapanda ndani ya bomba la plastiki kama mapovu, na ikipanda inayavuta maji kupitia kwenye sponji. Ndani ya maji hakuna mota wala waya. Umeme ukikatika pampu inahamia kwenye betri yenyewe, bila mimi kuwepo. Betri ikiwa imejaa, yangu inafika karibu saa 10 kwa mwendo mdogo. Mara ya mwisho tulikaa gizani kwa saa nane. Umeme uliporudi nilipima maji kwa dawa ya matone, amonia ikasoma sifuri.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni vifaranga. Kopo lilikuwa linawafyonza. Nililifungua siku moja nikawakuta sita ndani, wembamba kama uzi. Sponji haifyonzi kifaranga, tena inamlisha: chembe za chakula na vijidudu hunasa juu yake, nao wanadonoa kutwa. Brichardi wana tabia ambayo usipoiona hutaiamini. Watoto wakubwa hawafukuzwi wazazi wakitaga tena, wanabaki kuwalinda wadogo zao. Juzi nilikaa chini mbele ya kioo kama nusu saa. Vifaranga kama 20 walikuwa wametanda juu ya sponji ya kushoto, kila mmoja mfupi kuliko punje ya mchele. Konokono alipopanda kuelekea walipo, kaka yao wa sentimita tatu alishuka, akamgonga mara mbili kwenye gamba, akarudi pale pale akasimama, mapezi yamefunguka.

Kasoro zipo. Pampu inanguruma, na kwa anayelala chumba kimoja na tangi itamsumbua. Mimi nimeiweka juu ya kipande cha godoro, kelele zikapungua kama nusu. Maji hayang'ai kama ya kopo, vumbi dogo linaonekana ukiwasha taa. Sponji nayo haipendezi machoni, nimezificha kwa mawe. Na kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulisema: ukiweka pampu chini kuliko usawa wa maji, siku ikizima kabisa maji yanarudi kwa ule mpira hadi ndani ya pampu. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Nunua vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, haifiki 3,000, au iweke pampu kwenye rafu ya juu.

Sponji ioshwe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kwa kuiminya tu. Ukiiosha kwa maji ya bomba, klorini inaua bakteria uliowalea miezi. Na kama tangi ni jipya, sponji peke yake haitoshi kumwokoa samaki, ipe wiki nne hadi sita ikomae, huku ukipima maji, kabla hujajaza samaki tangini.

Kwa brichardi, na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, nampa muuzaji wangu nyota tano bila kusita. Anayefuga Cyphotilapia frontosa asitegemee sponji mbili kama zangu, samaki yule anapita sentimita 30 na uchafu wake ni mwingi. Huyo abaki na kopo lake, ila aongeze sponji moja na pampu ya kuchaji pembeni, ili umeme ukikatika samaki wapate hewa, kisha alifungue na kulisuuza kopo kabla ya kuliwasha tena.